Sandwichi za Kiitaliano za kutengeneza nyumbani: tatizo ni nyama, mkate au sisi wenyewe?

#1 LanchiBoksi_Chuga
Wakuu salaam. Mimi na mama watoto tunaandaa lanchi boksi za makampuni mawili madogo ya utalii hapa Arusha. Boksi lenyewe mnalijua: paja la kuku, yai la kuchemsha, ndizi, kipande cha keki, juisi ya pakiti. Wageni wamelichoka. Madereva wananiambia pale Ngoitokitok, ndani ya kreta ya Ngorongoro, mwewe ndio wanaofaidi mapaja yangu.

Sasa tumeingiza sandwichi za Kiitaliano, zile za nyama nyembamba tabaka kwa tabaka, jibini, saladi, nyanya, mafuta na siki. Jikoni zinatoka safi. Shida tunafunga saa kumi na moja alfajiri, mgeni anafungua saa saba mchana. Ikifika hapo mkate umelowa chini, umekauka juu, na mdomoni unapata mkate na nyama, basi. Ile ladha haipo.

Mimi nasema tatizo ni nyama. Arusha hatuna nyama za kazi hii. Anayebisha aje na sababu.

#2 MamaMikate_Njiro
Nabisha. Tatizo ni mkate. Bila kukuuliza najua unatumia slesi au zile skonzi ndefu za supamaketi. Ule mkate una sukari na mafuta, laini tupu, hauna ganda. Ukiulaza na nyanya unainywa yote. Sandwichi hizi zinataka mkate wenye ganda na matundu ndani: ciabatta, focaccia, au hata boflo lililookwa likaiva kweli. Badilisha mkate kwanza, nyama tutaongea baadaye.

#3 Mangi_wa_Rau
Naunga mkono. Hiyo ciabatta ni mkate wa kale, wanajeshi wa Kirumi walitembea nao vitani. Ndio maana unavumilia safari.

#4 ChaliiWaKijenge
Wanajeshi wa Kirumi tena 😂😂 Mangi mambo haya unayatoa wapi? Mimi nimekaa hapa nasubiri hesabu ya faida, maana Mchaga akiingia uzi wa chakula lazima tufike huko.

#5 Mpishi_wa_Lodge
#3 hapana mkuu. Ciabatta ni ya 1982. Aliibuni Arnaldo Cavallari, mtu wa vinu vya unga kule Adria, mkoa wa Veneto, baada ya kuona baguette za Ufaransa zinawanyang'anya Waitaliano soko la sandwichi. Wengi humu tumeuzidi umri mkate huo.

LanchiBoksi, kingine. Hiyo sandwichi unayoieleza, nyama tatu nne pamoja, siki na mafuta juu, ukienda Italia utaitafuta sana. Ni ya wahamiaji wa Kiitaliano Marekani. Philadelphia wanaiita hoagie, miji mingine wanaiita sub au hero, ila ni ukoo mmoja. Italia kwenyewe mkate unapewa nyama moja, jibini moja, pengine na majani kidogo, imeisha. Kwa hiyo amua kwanza unatengeneza ipi. Ile ya Marekani inabebwa na siki, oregano na pilipili za kwenye siki. Ile ya Italia inabebwa na nyama yenyewe, na hapo tu ndipo una haki ya kulalamikia bucha za Arusha.

#6 Mangi_wa_Rau
Iwe 1982, iwe lini, safari bado unavumilia. Na wewe Chalii, tangu lini faida ikawa dhambi?

#7 DaktariMifugo_Moshi
Kabla hamjafika mbali. Naona harufu ya mtu kwenda kuning'iniza kitimoto jikoni eti anatengeneza prosciutto, lile paja la nguruwe la Kiitaliano linalokaushwa bila kupikwa. Msithubutu.

Ile ya Parma inawekwa chumvi peke yake na kuachwa zaidi ya mwaka mzima, lakini ni kwenye vyumba ambavyo ubaridi na unyevu vinasimamiwa, na nguruwe anajulikana alikotoka. Sisi huku tuna tegu wa nguruwe. Nguruwe akizurura, mabuu yanakaa kwenye nyama, na kwa jikoni ya nyumbani kinga ya kuaminika ni moto. Kipimajoto kisome nyuzi 71 katikati kwa nyama ya kusaga. Kwa pande zima wengine wanakubali 63 na kuipumzisha dakika chache, ila kwa nguruwe wa huku mimi nakwambia pitiliza.

Halafu salami, ile soseji ya kukaushwa, haitengenezwi kwa chumvi ya mezani. Wanatumia chumvi yenye nitriti, ile ya pinki ya asilimia 6.25, takribani gramu 2.5 kwa kilo moja ya nyama, na inapimwa kwa mizani ya umeme. Ukipunguza unakaribisha sumu ya botulini, ukizidisha nitriti yenyewe ni sumu. Usipime kwa kijiko, usipime kwa macho.

Na madai kwamba Arusha hakuna nyama si kweli. Happy Sausages wako hapohapo mjini kwenu, soseji, hemu na bekoni wanatengeneza.

#8 AbuuNajma_Kaloleni
Daktari ahsante. Ila naona uzi mzima unazunguka kitimoto kama vile wote tunakula. Wataliano wana bresaola, nyama ya paja la ng'ombe iliyokaushwa, kwao ni bonde la Valtellina kule kaskazini. Kwa hiyo ng'ombe ana heshima yake. LanchiBoksi, chukua steki ya paja, ipake chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu na rozimeri, iache kwenye friji usiku mzima, ioke, ipoe kabisa, ndipo ukate nyembamba. Kuku wa kifua vilevile.

Na andika juu ya boksi kilichomo ndani. Nimeshawahi kukabidhiwa boksi la hemu kwenye safari ya kikazi bila mtu kuniuliza. Nilishinda na ndizi.

#9 LanchiBoksi_Chuga
Pole shekhe. Kuandika juu ya boksi nimelichukua.

#5 nimekuelewa, yangu ni ile ya Marekani. Sasa nyama ya kuoka ninayo, nanunua steki pale soko la Kilombero. Anayekata ni kijana wangu, kwa kisu cha jikoni, unene kama kidole kidogo hivi.

#10 FundiFriji_Unga
Kidole!! Uzi ungefungwa hapa. Ugonjwa ni unene, wala si mkate wala aina ya nyama.

Nilikuwa natengeneza mashine za kukatia nyama za hoteli, nimesimama nyuma ya hao wapishi nikawaona. Nyama inatoka nyembamba mpaka ukiinyanyua unauona mkono wako ng'ambo. Halafu hawailazi bapa, wanaikunjakunja ilegee, iwe na hewa katikati. Gramu ni zilezile lakini ulimi unagusa nyama sehemu nyingi zaidi, mafuta na siki vinapata pa kushika. Pande la kidole unalitafuna tu.

Kama huna mashine: viringisha nyama iliyopoa kwenye nailoni, iingize friza dakika 45 mpaka saa moja, iwe ngumu nje bila kuganda barafu ndani. Kisu kirefu chembamba, kimenolewa asubuhi ile. Kata kukatisha nyuzi za nyama, usizifuate. Kijana wako akimaliza vipande viwili afute kisu.

#11 BintiKibosho
Mimi nitawapinga wote. Mkate, nyama, unene, sawa. Lakini alilolalamikia mwenye uzi ni kulowa na kukosa ladha, na hayo yote mawili yanatoka kwenye mpangilio.

Nyanya ndiyo adui. Zile za Ngarenanyuki ni tamu ila zina maji. Kata, nyunyiza chumvi, zilaze kwenye chujio robo saa, utashangaa bakuli la chini. Halafu usiziweke zikagusa mkate. Jibini chini, jibini juu, nyama katikati, nyanya ndani ya nyama. Letasi ikaushwe kwa kitambaa, tone la maji lisibaki.

Ladha: usimwage siki na mafuta juu ya mkate mwishoni kama unamwagilia bustani. Changanya pembeni letasi, kitunguu kilichokatwa uzi, oregano, chumvi, siki na mafuta, ndipo upange. Chumvi ya nyama haitoshi, saladi nayo inataka ya kwake. Watu wengi mboga za ndani ya sandwichi hawazitii chumvi kabisa halafu wanasema haina ladha.

#12 Mpishi_wa_Lodge
#11 umesema vizuri, ila kulowa si kosa siku zote. Kuna muffuletta ya New Orleans, ya duka la Central Grocery lililofunguliwa 1906 na Salvatore Lupo, mtu wa Sicilia. Mkate wa duara wenye ufuta juu, salami, hemu, mortadella, jibini, na saladi ya zeituni zilizokatwakatwa pamoja na karoti, koliflawa, selari na kitunguu saumu kwenye mafuta. Ile wanataka mafuta yaingie kwenye mkate. Wengine wanaifunga na kuiwekea kitu kizito juu ikae kwanza. Ikikaa saa kadhaa inakuwa bora kuliko ilipotoka mezani.

Kwa biashara ya lanchi boksi, mimi ningeenda huko. Badala ya kupigana na masaa nane, chagua sandwichi inayoyataka hayo masaa. Mafuta yakiingia kwenye mkate wenye ganda unakuwa mtamu. Maji ya nyanya yakiingia unakuwa uji.

#13 BintiKibosho
Mkate wenye ganda. Ndio tunarudi kwa Mama Mikate.

#14 MamaMikate_Njiro
Nilisema mimi 😌 Haya, focaccia, maana ciabatta itakusumbua mwanzoni.

Unga wa ngano gramu 500. Geuza pakiti usome, protini iwe gramu 11 au zaidi kwa gramu 100, unga wa maandazi utakuangusha. Maji mililita 400, chumvi gramu 10, hamira ya chenga gramu 3 tu. Changanya kwa mwiko, usikande. Kila nusu saa loweka mkono, vuta ncha za donge uzikunje katikati, mizunguko mitatu minne. Funika, weka friji mpaka kesho. Asubuhi mimina kwenye trei yenye mafuta, liache lipande, chovya vidole vyote kumi mpaka vifike chini, mafuta na chumvi ya mawe juu, oveni nyuzi 230 dakika 20 na kidogo. Donge litakuwa teketeke linanata, usiogope ukaongeza unga. Hapo ndipo wengi wanaharibu.

Hamira kidogo nina sababu. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, gesi ya hamira inapanuka kirahisi, donge linaumuka haraka kabla halijapata ladha. Ukifuata vipimo vya watu wa pwani unapata mkate uliojaa hewa na usio na lolote.

#15 Mangi_wa_Rau
Mama samahani, Moshi tuko chini, kwenye mita 900, na donge linaumuka haraka kuwashinda nyie. Mwezi wa pili hapa ukigeuka limeshafunika bakuli. Ni joto, mwinuko mnausingizia. Njooni mwezi wa saba na baridi yenu ya Arusha tuone kama hewa nyepesi itaumua kitu.

#16 MamaMikate_Njiro
Joto lipo na mwinuko upo. Kimoja hakifuti kingine.

#17 Mangi_wa_Rau
Kinachofanya kazi kubwa ni joto.

#18 ChaliiWaKijenge
Moshi na Arusha wameanza. Mtu aliuliza sandwichi jamani.

#19 MzeeWaTengeru
Vijana mnasahau historia. Wataliano waliishi hapa Tengeru wakati wa vita kuu ya pili, maelfu yao, walilima na kufuga. Hizo soseji na mikate tuliachiwa na wao.

#20 DaktariMifugo_Moshi
Mzee wangu shikamoo. Wale wa Tengeru walikuwa Wapolandi, wakimbizi waliotokea Urusi, walianza kufika 1942 na makaburi yao bado yapo pale. Karibu elfu tano, wengi wanawake na watoto. Kwa hiyo kama kuna soseji ilibaki, itakuwa ya Kipolandi.

#21 MzeeWaTengeru
Marahaba. Mzungu ni mzungu, soseji ni soseji. Babu yangu aliwauzia ndizi.

#22 PishiLaJioni
Nimesoma uzi wote hakuna aliyegusa jibini. Mnaongea nyama na mkate kama jibini ni plasta ya kuzuia nyanya tu. Yale ya slesi za pakiti yana chumvi na rangi, uchachu hamna. Njombe kuna kiwanda kilichoanzishwa kwa msaada wa CEFA, shirika la Kiitaliano, wanatengeneza jibini za kwao kabisa. Ukipata provolone ya kule utasahau nyama ni ya nani.

Mozzarella unaweza kutengeneza mwenyewe kama unachukua maziwa ya ng'ombe mabichi kwa jirani. Asidi ya sitriki, reneti (kimeng'enya cha kugandisha maziwa), na maji ya moto ya kuvutia donge. Maziwa ya boksi yale ya kukaa miezi hayaganduki inavyotakiwa, yameshapigwa moto mkali mno. Mtakaotumia limau na maziwa yaliyochemka, mtapata jibini ya kumegeka isiyovutika. Nayo inaliwa, ila msiite mozzarella.

Na mozzarella mbichi kwenye lanchi boksi usiweke, inatoa maji kuliko nyanya ya Binti Kibosho.

#23 Mangi_wa_Rau
Siki je? Mimi mbege iliyopitiliza nimeshaitumia kwenye kachumbari. Imechacha, ina harufu ya ndizi, ina ule uchungu wa mbali wa gome la msesewe. Kwenye nyama ya kuoka ni hatari. Siki ya zabibu ya nini?

#24 BintiKibosho
Meku akisikia mbege imepelekwa kwenye sandwichi ya Mzungu atatoa laana 😂 Lakini kweli inakubali. Nimeionja kwa bibi, kwenye mboga.

#25 DaktariMifugo_Moshi
Kwa kunyunyiza kwenye saladi ya kuliwa leo sawa. Kwa kuhifadhia pilipili na karoti kwenye chupa wiki kadhaa hapana, kwa sababu ukali wake hujaupima. Tumieni siki ya dukani yenye asilimia 5 iliyoandikwa. Na hiyo saladi ya zeituni ya #12, ikishaingia kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta ikae friji na iishe ndani ya siku chache. Saumu ndani ya mafuta, mezani, kwenye joto: botulini tena.

#26 ChaliiWaKijenge
Daktari wewe harusini unakulaga kweli?

#27 DaktariMifugo_Moshi
Nakula vilivyo moto.

Na hili ndilo nililotaka mwenye uzi alisikie. Saa kumi na moja alfajiri mpaka saa saba mchana ni masaa nane. Nyama iliyopikwa na jibini, nje ya ubaridi, hesabu ni masaa mawili, kukiwa na joto la Tarangire pungufu ya hapo. Haya mambo ya ganda na matabaka hayana maana kama gari halina deli la barafu. Dereva aambiwe deli si la soda peke yake.

#28 KondaMstaafu
Sasa hivi naendesha wageni. Deli tunalo, ila boksi za karatasi ukiziweka ndani barafu ikiyeyuka zinageuka ugali. Hapo ndipo mikate inapolowa, tena chini, kama alivyosema mwenye uzi! Mnahangaika na nyanya bure. Sandwichi ifungwe karatasi ya kuokea, halafu iingie kontena la plastiki lenye mfuniko. Barafu iwe kwenye chupa za maji zilizogandishwa, isimwagwe.

#29 FundiFriji_Unga
#28 hii ni sababu ya sita au ya saba, nimepoteza hesabu. Ila ina akili.

#30 LanchiBoksi_Chuga
Wakuu nimerudi na mrejesho. Jumamosi tulifanya focaccia ya Mama Mikate, steki ya Abuu imekatwa kwa mtindo wa friza, saladi imetiwa chumvi pembeni, hakuna nyanya, chupa za barafu kwenye deli. Dereva anasema boksi zimerudi tupu, na mgeni mmoja aliulizia mkate. Ila anasema pia siku hiyo walikwama kwenye tope, wakala saa tisa na nusu. Kwa hiyo sijui ni mkate, ni unene, au ni njaa.

#31 FundiFriji_Unga
Unene.

#32 MamaMikate_Njiro
Mgeni aliulizia nini? Soma tena ulichoandika.

#33 Mangi_wa_Rau
Boksi moja inakutoka shilingi ngapi? Maana steki, mafuta ya zeituni na jibini la Njombe, kampuni ikikulipa bei ileile ya paja la kuku unawalisha wageni kutoka mfukoni mwako. Weka alizeti nusu, zeituni nusu, hakuna atakayejua.

#34 ChaliiWaKijenge
TUMEFIKA 😂😂😂

#35 Mpishi_wa_Lodge
Kama ni gharama, Wataliano wenyewe wana jibu. Firenze sandwichi ya mtaani inaitwa lampredotto, ni utumbo. Tumbo la nne la ng'ombe, linachemshwa taratibu na nyanya, kitunguu na selari, linakatwakatwa, linaingia kwenye mkate, na kipande cha juu cha mkate kinachovywa kwenye supu yake kabla ya kufunika. Juu sosi ya kijani ya parsley, na ya pilipili kwa anayetaka. Kule Palermo wanaweka bandama na mapafu, yamechemshwa kisha yakakaangwa.

#36 KondaMstaafu
Subiri. Yaani supu ya utumbo ya asubuhi na mkate wa kuchovya, mtu anapanga foleni Ulaya?

#37 Mpishi_wa_Lodge
Anapanga, tena amevaa suti.

#38 ChaliiWaKijenge
LanchiBoksi achana na wageni. Fungua kibanda stendi ndogo, boflo na utumbo, saa kumi na mbili asubuhi. Makonda wote wa Hiace ni wako.

#39 BintiKibosho
Iwe na kachumbari ya siki kali na pilipili mbuzi, mimi nitatoka Moshi kwa basi la kwanza.

#40 AbuuNajma_Kaloleni
Na mimi nipo. Ila hiyo bandama Palermo wanaikaanga kwa mafuta ya nguruwe. Yangu mnikaangie kwa samli, kikaango chake peke yake.